Maumbile ya Lomayani

Kijiweni kwetu Mabwerebwere kahawa nauza mimi, na mtu anayemeza neno namjua kwa anavyoshika kikombe. Asubuhi hiyo walilimeza wote. Lomayani wa Tindiga, mfugaji, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa kakamatwa gesti Mikumi akiwa na mwanaume mwenzie. Leo anapandishwa kizimbani. Kosa lake, eti, kinyume na maumbile.

Basi wakalizunguka hilo neno bila kuligusa. Bonifas, tunayemwita Redio, akadai maumbile ni milima na mito, kwa hiyo jamaa kachepusha maji ya mto Mkondoa. Evarist, Wakili wa Benchi, aliyewahi kufagia mahakamani, akakataa: ni kumpandisha ng'ombe kwa sindano, bila dume. Nikamuuliza kama bwana mifugo naye atafungwa. Akanikata jicho.

Walijua. Hata mimi nilijua.

— Halafu kifungo chake si mchezo, Wakili akasema polepole. Thelathini hadi maisha.

Hapo utani ukaisha.

Ndipo akatokea Naeku, mama yake Lomayani, shuka kalifunga vizuri kama wa kwenda kanisani. Nyuma yake bibi Sesilia, mkunga wa kijijini kwao.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Nimeambiwa jina la kosa. Maumbile si mwili, mtu alivyoumbwa?

Redio akakohoa.

— Ndiyo, mama.

— Basi ni ule mguu. Kazaliwa nao umepinda, hakuupinda yeye. Huyu bibi ndiye aliyempokea, nimemleta amweleze hakimu.

Sesilia alikuwa anatazama chini. Yeye alishaelewa, ila njia nzima kutoka Tindiga hakuwa na mdomo wa kumwambia.

Nami, ambaye siri za ndoa za watu nazimwaga hapa bila kuulizwa, nikashika birika. Nikammiminia kahawa. Hakuigusa.

— Wakili, sheria unaijua wewe. Mtu anafungwa kwa alivyoumbwa?

Evarist akatazama ndani ya kikombe chake. Naeku akamsubiri. Alimsubiri kwa adabu, mikono kaifumbata, mpaka mimi nikatamani mvua inyeshe tutawanyike.

— Basi nitamuuliza hakimu, akasema.

Akamshika mkunga mkono, wakashika njia ya mahakamani. Benchi lilikuwa limejaa. Hakuna aliyeinuka.