Mwiko wa Mama Lorine

Kijiwe cha Makongeni, pale mkabala na kanisa, hakijawahi kukosa mtaalamu. Uliza dawa ya jino moja, utapewa sita. Jumamosi hiyo Mohamednur, muuza kahawa, alikuwa ndiyo kwanza anamimina, na Opicho, seremala mstaafu wa reli, amekaa kwenye benchi na kisu mkononi, akiwauliza wenzake mti wa kuchongea mwiko mpya. Mwiko wa mkewe Asenath, Mama Lorine, alikuwa ameutumia kukorogea vanishi. Asenath aliuona. Alifunga mkoba, akapanda basi la Butere, na huu mwezi wa tatu hajarudi. Opicho alimtamani mpaka akaona aibu, mzee mzima, kila jioni mkate na chai, akijibizana na redio.

— Chukua mbao za paleti, alisema Odero, kibarua wa Industrial Area ambaye kijiwe humwita Injinia. Zimetoka ng'ambo, hizo. Bahari imeziosha.

— Zimepigwa dawa ya wadudu, Injinia, alisema Opicho. Mdudu akifa, mama atapona?

— Basi mkaratusi! akadakia Shitanda, aliyejipachika jina la Profesa. Homa utaisikia kwa jirani.

— Harufu yake haitoki, alisema Opicho. Hata sukuma itanuka dawa ya kifua.

— Mwarobaini je? Magonjwa arobaini, kwisha!

— Na ugali mchungu kama shubiri.

— Ala! alisema Injinia. Si una taruma pale kwako, lile gogo la kulalia reli? Limebeba gari moshi miaka hamsini. Mama akisonga nalo, ugali utapiga honi!

Walicheka wote isipokuwa Opicho.

— Mataruma yamenyweshwa dawa nyeusi. Nimeyakata, najua yalivyonibabua mikono. Nimtilie Mama Lorine sumu mara ya pili?

Akatoa tawi la mpera alilokuwa amejaribu kulichonga, likafika nusu.

— Heri huu. Hauna utomvu, hauna harufu. Mama zetu kule nyumbani walisongea huu huu.

— Wapi! alisema Profesa. Wahenga walinena, mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Unaalika vita nyumbani, buda.

— Vita na nani, na nyumba iko tupu? alisema Opicho. Namtaka arudi, jamani. Basi.

Injinia akainamia kikombe chake.

Hapo akafika Kathini, mama jirani aliyehamia wiki hiyo, kununua kahawa. Baba yake alikuwa mchongaji kule Ukambani. Aliuchukua ule mwiko, akaugeuza.

— Mti ni mzuri, baba. Ila hapa mwisho uulaze upande mmoja, kufuata mkono wa msongaji, ndio ukwangue sufuria vizuri. Mwenye mwiko anasongea kwa mkono gani?

— Si wa kulia! alisema Injinia. Kila mtu ni wa kulia.

— Mimi ni wa kushoto, alisema Kathini.

Wakamgeukia Opicho. Alifumba macho, akamtafuta Asenath kwenye lile jiko la nje. Aliuona mgongo wake, leso na moshi. Akajisikia mwenyewe mlangoni akiuliza, "Bado tu?" Miaka thelathini na minne aliuliza hivyo, kisha akarudi kuketi.

— Baba?

— Sijui, mama, alisema Opicho. Sikuwahi kuingia jikoni.