Karatasi za Kiti cha Mheshimiwa

Mafuta yakikosekana Bujumbura, Buyenzi nzima hukaa barazani, maana hakuna gari la kupanda wala la kutengeneza. Ligala, yaani kijiwe cha maongezi, la avenue ya tisa ni kiti cha nyuma cha Hiace, kimeng'olewa na kuegemezwa kwenye ukuta wa gereji ya Sulemani, na mbele yake Amissi huweka birika la kahawa ya tangawizi juu ya jiko la makaa. Wanaokaa hapo hawajawahi kukubaliana jambo lolote, na ndiyo raha yao. Alasiri hiyo jambo lilikuwa moja, redio ilikuwa imelisema mara tatu tangu asubuhi. Mheshimiwa mmoja wa Mutanga Nord, mtaa wa wakubwa, ametakiwa aeleze zilikokwenda karatasi za siri za serikali, alizozitoa ofisini akazifanya zake. Habari iliishia kwa dereva wake, aliyekuwa ndani tangu Ijumaa, lakini hapo watu walikuwa wameshaanza kubishana na hakuna aliyesikiliza.

Sulemani peke yake ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho, kwa sababu karatasi zilikuwa kwake.

Wiki mbili nyuma, dereva huyo, Népomuscène, alikuwa ameleta Prado ya Mheshimiwa inayovuja maji ya breki. Viti vyake ni vya ngozi nyeupe, na hakuna fundi Buyenzi anayekalia kiti cha mteja na ovaroli ya grisi bila kutandika kitu. Siku hiyo magazeti yalikuwa yameisha. Népo akafungua buti, akatoa bunda la karatasi ndani ya katoni, akamwambia atandike hizo, zimezeeka humo tangu mwaka jana. Sulemani akatandika. Nyingine zilikuwa na muhuri mwekundu wa siri, ameuona vizuri sana, akazigeuza chini juu. Kisha akaona wino unaweza kuipaka ngozi ya watu, akazigeuza tena, akaukalia muhuri. Kazi ilipokwisha, gari likaenda na karatasi zikabaki kwenye rafu, nyuma ya betri mbovu, zina alama ya makalio yake.

— Kwanza banamutoa ile immunité, kinga ya bakubwa, — alisema Xavier. Alipiga taipu miaka thelathini katika ofisi za serikali, akastaafu, na ligalani wanamwita Kode Penali, kitabu cha makosa na adhabu. — Bila hiyo hakuna jaji ya kumugusa. Kisha miaka tano.

Hamimu, muuza vocha za simu, aitwaye Satelite kwa kujua habari kabla hazijatokea, alisema mitano ni ya mwizi wa mbuzi. Karatasi ya serikali ni kumi, na ikivuka mpaka wa Kongo pale Gatumba ni ishirini. Kode akamuuliza kaisoma wapi sheria hiyo. Satelite akasema mambo mengine hayaandikwi, ndiyo maana yanaitwa siri.

— Mutu mukubwa hafungwagi, — Amissi aliwaambia huku akimimina. — Anagonjwa. Utasikia moyo, utasikia sukari, kesho iko kwenye ndege.

Wakacheka, na kahawa ikaenda mzunguko wa pili. Sulemani aliinuka, akaingia gereji, akakaza nati iliyokwisha kukazwa, akarudi, akakaa. Alipoulizwa ana nini alisema ni mgongo.

Kufikia mzunguko wa tatu, Satelite alikuwa ameshajua kilichoandikwa. Ni ramani ya mafuta yaliyo chini ya ziwa, alisema, mapipa kwa mapipa, toka Rumonge mpaka Uvira, na ndiyo maana vituo vyote vikavu, watu wanangoja wajue yako wapi. Kode alisema kama ni hivyo basi si kuficha karatasi tena, ni kuiuza nchi, na adhabu yake ni maisha. Amissi aliona maisha ni huruma. Yeye angempa Mheshimiwa bidoni ya lita tano apange foleni ya petroli mpaka akumbuke alikoziweka.

— Na kama karatasi zikirudi? — Sulemani aliuliza.

— Zirudi na nani? — Satelite aliuliza.

— Mutu tu. Aliziokota.

Kode alivua miwani. Jambo la sheria likimfurahisha huwa hana haraka.

— Huyo mutu ataulizwa alizitoa wapi. Atasema nini? Mheshimiwa iko na avoka watatu ba kumutetea. Muokotaji iko na nani? Huyo ndiye atakula miaka yote, na ya Mheshimiwa ataongezewa.

Satelite alikubali, na haikuwa kawaida yake kukubali. Mwenye kuokota siri ya serikali ni mpelelezi, alisema, hata kama aliokotea jalalani.

Sulemani aligeuka kutazama mlango wa gereji. Jiko la Amissi nalo lilikuwa linazima, na Amissi alikuwa anatafuta kitu cha kuwashia makaa mapya. Sulemani akaingia gereji kwa mara ya pili. Akalitoa bunda nyuma ya betri, akalichomeka ndani ya ovaroli, kifuani. Dakika moja ya moto, basi, na hakuna wa kumuuliza. Alipotoka alikuwa ameshafungua kifungo cha kwanza.

Mbele ya jiko alikuta mwanamke amesimama, kitenge kina vumbi mpaka magotini, mkononi gameli ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa anamtafuta mzee anayejua sheria. Wakamwonyesha Kode, naye akajiweka sawa.

— Mi naitwa Léoncie, muke ya Népomuscène, dereva ya Mheshimiwa, — alisema. — Natoka kule bamemufunga. Chakula bamekikataa leo. Banamuuliza karatasi alimupa nani, anasema alizitupa. Banamupiga maswali tangu Ijumaa, anasema alizitupa tu. Muzee, dereva banamupaga miaka ngapi?

Kode aliifuta miwani iliyokuwa safi. Walikuwa wamegawa miaka alasiri nzima, mitano, kumi, ishirini, maisha, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpimia dereva. Satelite aliangalia simu yake. Amissi alimpa mama kiti, akakataa.

Sulemani alisimama palepale, mkono kwenye kifungo. Népo anaijua gereji yake, analijua jina lake, amekula naye sambusa juu ya boneti ya gari hilohilo. Siku tano ameulizwa jina moja tu, na hajalitoa. Aibu ilimpanda Sulemani mpaka masikioni.

— Hakuzitupa, mama, — alisema.

Akalitoa bunda mbele ya watu wote. Lilikuwa na grisi, kona zimejikunja, muhuri mwekundu unaonekana toka mbali. Satelite alisogea mpaka mwisho wa kiti kama amemwagiwa maji ya moto. Léoncie hakuzigusa. Alimtazama Sulemani usoni.

— We ndiye fundi?

— Ni mi. Alinipa nitandike kwenye kiti, nisichafue ngozi. Hatukusoma hata mustari moja. Twende kule, nitabaambia mwenyewe.

— Sulemani, — Kode alisema, na sauti yake haikuwa ya sheria tena. — Keti kwanza. Tutafute avoka. Uko na watoto wanne.

— Népo iko nao watatu, muzee.

Alifunga mlango wa gereji, akampa Amissi ufunguo ampelekee mke wake. Alikuwa anaogopa sana, hata kufuli ikamshinda mara mbili. Mabasi hayakuwepo. Mama alikuwa ameshatangulia kwa miguu, gameli mkononi, naye akakaza mwendo amfikie.