Ini la Mzee Nzomo

Ndugu waombolezaji, Yohana Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 karibu na Kasikeu, mtoto wa tatu wa marehemu Muthama na marehemu Ndila, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, karo ikakosekana, akaenda Kibwezi kujifunza ushonaji.

Mwaka wa 1961 alihamia Mutomo, akawa fundi wa sare za shule, na kwa miaka thelathini alikaa kwenye cherehani asubuhi hadi jioni, chai ya sukari nyingi kando yake, akanenepa, nasi tukasema Mungu amembariki. Tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa kanisani na Kasyoka, wakajaliwa watoto watatu, Kiema, Kavata na Musyoka, na mwaka wa 1972 akachaguliwa mzee wa kanisa.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka wa 1987. Juni 1991 aliumwa chini ya mbavu za kulia, akapelekwa hospitali, daktari akasema ini limejaa mafuta, na swali lake la kwanza likawa kama anakunywa pombe. Swali hilo lilifika kanisani kabla ya mgonjwa, likiwa limeshageuka jibu. Tarehe 18 Agosti alivuliwa uzee na kutengwa na meza ya Bwana. Kasyoka, ambaye hakuwa amewahi kusema mbele ya wazee, alisimama akawaambia, “Nimelala na huyu mtu miaka ishirini na sita. Pombe ningeinusa mimi kabla yenu.” Aliambiwa aketi.

Mwaka wa 1993 daktari mwingine, wa Nairobi, alieleza kwamba ini hujaa mafuta hata kwa mtu asiyeonja pombe, kwa ajili ya sukari na unene, na kwamba ugonjwa huo haukai kwenye ini peke yake, huharibu mishipa, figo na moyo, na moyo wa Mzee ulikuwa umeshachoka. Aliyaandika hayo katika barua. Wazee wakaipokea, wakasema itasomwa kikao kijacho, vikao vinne vikapita. Kila Jumapili ya ushirika Mzee alikaa benchi la nyuma, miguu imevimba, sahani ya mkate ikimpita.

Moyo ulisimama tarehe 9 Februari 1994, akiwa na miaka hamsini na mitano, barua haijasomwa, naye bado ametengwa. Ndiyo sababu leo hatuna mchungaji, na ninayesimama hapa ni mimi Musembi, mwana wa dada yake.

Tunawashukuru madaktari, mafundi wenzake waliofunga kazi, jirani yetu Hassan aliyempeleka hospitali kila mara na jana akashika jembe kaburini, na wazee wa kanisa waliotuazima viti.

Mjomba, pumzika kwa amani. Tulitaka kulisafisha jina lako kabla ya udongo, tumeshindwa.