Mke Wangu, Profesa wa Wapishi na Wafagiaji

Jumanne ya tarehe 2 Mei 2023 marehemu mke wangu aliamka saa kumi na mbili, akawasha redio, akasikia timu yake imefungwa, akaizima. Tukanywa chai. Alitafuta miwani kote, nikamwambia iko kichwani. Akaniuliza swali lake la siku zote: "Fundi, leo utaniambia?" Nikamjibu kama siku zote: "Kesho, Profesa." Nikaenda karakana kupiga randa mlango wa jirani.

Alichotaka ni nimsimulie utoto wangu: nani alinilea, na kwa nini sikukanyaga darasa. Tangu tuoane nilikuwa nampiga chenga.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mshona nguo. Kaka yake, shemeji yangu yuko hapa, anasema alikuwa mtoto wa maswali. Wageni wakimwona anavuta kigoda, wanaaga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, sekondari ya bweni mwaka 1963, na chuo kikuu mwaka 1970. Udaktari wa historia aliupata mwaka 1981, akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Joho halikufungika.

Alifundisha chuo hichohicho kuanzia mwaka 1975 hadi alipostaafu mwaka 2014. Wenzake watawaeleza vitabu vyake vinne. Mimi naeleza nilichokiona. Aliandika historia ya wapishi, madobi na wafagiaji, watu ambao kwenye mafaili ya zamani hawana hata majina. Aliwafuata makwao. Kinasa sauti alikifunika kwa leso ili mtu asikiogope. Hakuanza na vita wala wakubwa. Aliuliza, "Siku hiyo mlikula nini?" Mzee akishaikumbuka sufuria, mengine yanamtoka yenyewe. Alirekodi watu mia tatu na kumi na wawili. Mimi simo.

Tulikutana mwaka 1976. Niliitwa ofisini kwake kubadilisha rafu zilizoliwa na mchwa. Nilishusha vitabu vyote, nikapiga rafu mpya, nikavirudisha. Wakati huo sikujua kusoma, nikavipanga kwa urefu. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimepanga, dada. Warefu nyuma, wafupi mbele, kama gwaride."

"Unajua hapo palikuwa na miaka mia tatu, mmoja baada ya mwingine?"

"Yote imo. Hakuna mwaka uliopotea."

Alicheka mpaka akakaa juu ya takataka za randa. Tulifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1977. Watu walisema haitafika mbali, msomi na seremala. Herufi alinifundisha yeye, kwenye meza ya jikoni, wala hakunicheka. Haya ninayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Binti yetu amepiga chapa tu.

Alipenda mpira wa redioni, maua kwenye makopo ya maziwa, na drafti. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Nikimwambia, "Profesa, hiyo kete ilikuwa pale," ananiuliza, "Una ushahidi wa maandishi?" Ubao uko barazani. Kete zimebaki alivyozipanga, na zamu ni yangu. Sijacheza.

Mchana wa Jumanne ile alianguka akimwagilia maua. Daktari alisema moyo umechoka. Alilazwa siku kumi na tisa. Siku ya tatu nikaona kesho zangu zimekwisha. Nikavuta kiti, nikaanza kumwambia. Kila alasiri, saa ya kuona wagonjwa, nilimsimulia kidogo, mpaka muuguzi anitoe. Niliyokuwa sijamwambia mtu yeyote, nilimwambia. Hakukatiza hata mara moja. Alinishika kidole gumba tu.

Alifariki Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameniacha mimi mume wake, watoto watatu, wajukuu saba na kaka yake. Ameacha wanafunzi ambao siwezi kuwahesabu, na wengi wenu mmesimama hapo nyuma. Sogeeni, nafasi ipo. Nyumba ni kubwa mno sasa. Asubuhi bado natoa vikombe viwili. Mungu ampe usingizi mwema, na huko alipo apate watu wa kuwauliza.

Alasiri ya Jumamosi, siku moja kabla hajafariki, nilipomaliza kusimulia, niliona hana kalamu wala kile kinasa sauti. Nikashtuka. Nikamwambia, "Profesa, hujarekodi chochote. Miaka yote hii umenidai, na sasa yatapotea." Alitabasamu, akasema:

"Wale wengine ilikuwa kazi, Fundi. Yako nilikuwa nayataka mwenyewe."