Bomba Lililovuja Likiwa Moto

Ndugu zangu, kabla sijaenda mbali, mjue kwamba mimi sina kovu. Najua hiki ni kikundi cha walioungua na wanaowauguza. Aliyeungua ni mwenzangu. Mimi ndiye niliyewasha injini. Yeye ndiye amenileta hapa leo, kwa hivyo mkitaka kunifukuza, mmuulize yeye kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nakaa Gatwekera, ndani ya Kibera, na kila asubuhi natembea kwa miguu mpaka Kawangware, kwenye gereji tunayoshirikiana. Mwenzangu ni Mnubi, mzaliwa wa Kibera, na kwa injini sijaona mtu kama yeye. Miaka michache iliyopita tulianza kuunda ndege. Ndiyo, ndege. Chekeni, nimezoea. Ya viti viwili, mifupa ya mabomba, mbawa za turubai. Injini tuliitoa kwa gari kuukuu, zile zinaitwa rotari: hazina pistoni, ndani kuna kitu cha pembe tatu kinazunguka. Ni nyepesi na haitetemeki sana, ndiyo maana tuliipenda. Lakini ekzosi yake, lile bomba la moshi, nawaambia, huwa nyekundu kama jiko la makaa.

Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, majirani walijaa langoni. Wiki ya pili ikaanza harufu ya petroli pale pa kukaa rubani. Si kali. Kidogo tu, baada ya kama robo saa ya kunguruma. Tukizima na kufungua, kukavu. Hakuna tone, hakuna unyevu, hata alama.

Tulitafuta, jamani. Tulibadilisha mipira yote ya mafuta. Tukabadilisha klipu, filta, mfuniko wa tangi. Tukajaza upepo kwenye bomba la alumini linaloleta mafuta na kupaka povu la sabuni kila kiungo, tukakodoa macho tukingoja kipovu hata kimoja. Wapi. Tukiwasha, robo saa, harufu hiyo. Nilifika mahali nikawa naisikia hata kwa chai. Hakuna kitu kinachomvunja fundi kama kitu kibovu ambacho kila ukikiangalia ni kizima.

Mwenzangu akasema, "Tusiiwashe tena mpaka tuipate."

Nikamwambia, "Ni mvuke wa tangi tu. Mbona unaogopa hivyo?"

"Sijui ni nini. Ndiyo naogopa."

Mimi nilikuwa nimechoka, tena nimeaibika. Watu walikuwa wameanza kuuliza, "Fundi, ndege inaruka lini?" Jumamosi moja mchana, yeye akiwa ameinama kando ya injini anachunguza mabomba, nikapanda ndani nikaiwasha. Nilimwambia, "Sikiliza tu, dakika chache." Akaniambia nizime. Nikasema, "Ngoja kidogo." Akaniambia tena. Nikasema tena ngoja.

Sikuona moto ukianza. Nilisikia tu kama mtu amekung'uta blanketi, halafu nikamsikia yeye. Nilizima, nikaruka nje, majirani wakaja na mchanga na magunia yaliyoloweshwa. Injini iliokoka. Mikono yake miwili haikuokoka, na shingo upande huu.

Sasa hapa nataka niseme ukweli, na nikishasema mnihukumu. Alilazwa muda mrefu. Mimi sikwenda kumwona. Nilikuwa nafika lango la hospitali, nasimama, narudi. Nikaacha kazi. Nilifunga gereji, nikakaa nyumbani nikiangalia mabati ya dari. Mke wangu akiniambia niamke nioge, nasikia kama anaongea na mtu mwingine. Nilijaribu kuomba nikakosa la kusema, maana ningeomba nini? Arudishiwe ngozi?

Alitolewa hospitali, bado sikwenda. Kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo mfupi sana. Miezi minne.

Kisha siku moja mke wake akaja mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari, nilitaka anitukane. Hakukaa hata. Alisema, "Anauliza kama ulishajua ilikuwa inatoka wapi."

Nikamwambia sijui.

"Basi njoo umwambie hivyo. Hapati usingizi, anawaza hiyo bomba. Mimi nimechoka."

Nikaenda. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji, ameiweka kwa mto. Nilianza kulia pale pale. Yeye akanitazama tu, akaniacha nilie, halafu akasema, "Sisi tulikuwa tunaipima ikiwa baridi."

Sikuelewa.

"Harufu inakuja ikipata moto. Sisi tunazima, tunangoja ipoe, ndiyo tunaangalia. Ikipoa inajifunga. Lete hiyo bomba."

Ndugu zangu, siku iliyofuata nilifungua gereji. Nikamwaga mafuta yote, nikalitoa lile bomba la alumini pamoja na viungo vyake, nikalisafisha mpaka harufu ikaisha, nikalipeleka kwake. Mke wake hupikia watu harusi, akatupa sufuria yake kubwa ya maji yanayochemka. Tukaziba mwisho mmoja, mwisho mwingine tukaunganisha pampu ya baiskeli. Yeye ameketi kwa stuli, mimi ndiyo mikono.

"Zamisha. Pampu. Polepole."

Kwanza hakuna kitu. Kisha bomba lilipopata joto sawasawa, kwenye kiungo kilichokuwa kinapita karibu na ekzosi, vikaanza kutoka vipovu. Vidogo, vimepangana kama shanga. Nikafungua nati ya kiungo hicho. Ndani, pale mdomo wa bomba ulipopanuliwa, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Aliyepanua mdomo ule ni mimi. Nilikumbuka hata siku yenyewe, nilivyokaza haraka haraka ili twende tukale.

Nikamwambia, "Hii ni kazi yangu."

Mke wake akazima jiko. Mwenzangu akasema, "Haya. Sasa tunajua."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Tumeweka bomba jipya, halina kiungo hata kimoja karibu na ekzosi, tumelihamisha upande mwingine na kulikinga kwa bati. Ndege haijaruka, na bila kibali hatutairusha. Vidole vyake viwili havikunji tena. Hilo halina fundi.

Namshukuru mke wake, aliyekuja mlangoni kwangu bila kupenda. Wangu, aliyenichotea maji ya kuoga kila siku nami sikuoga. Majirani wa Kawangware na magunia yao. Na nyinyi, kwa kumfundisha kushika kijiko upya.

Nilichojifunza ni kidogo. Mwenzako akikwambia zima, zima, mbishane baadaye. Na ukimuumiza mtu, nenda ukiwa huna la kusema. Usingoje ulipate, halipatikani.

Siku hizi nikitaka kuwasha ile injini nashika ufunguo, kisha nauachia bila kuugeuza. Sijui kama hali hii itaisha. Namwambia, "Naogopa." Yeye hujibu, "Basi tungoje." Tunakaa hapo, wote wawili, tunangoja.