Upepo wa Trela Tupu

Mama zangu na dada zangu wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi nisimame. Nikilia, niacheni kidogo, nitaendelea.

Mume wangu ndiye alikuwa akibebea watu mahindi na trekta yetu, kutoka kwetu Kibomet kule Kitale mpaka Bungoma. Siku moja alirudi na trela tupu, akaiegesha nyuma ya nyumba, akapima matairi yote manne, akaongeza upepo kidogo tu kwa pampu ya mkono. Akaingia ndani akisema kichwa kinamuuma. Hakutoka tena kwa miguu yake. Wiki hiyo tukamzika.

Trela ikakaa pale msimu mzima wa mvua. Asubuhi nilikuwa naenda kukaa kando yake, naweka mkono kwa tairi. Ndugu zangu, nawaambia, kuna mwenye hubaki na shati la mtu wake, analinusa. Mashati yake yalishagawanywa. Mimi nilibaki na ule upepo. Yeye ndiye aliuweka.

Mavuno yakafika, na watoto lazima wale. Nikapanda trekta mwenyewe. Kuendesha alinifunza shambani. Shemeji yangu akaniambia matairi ya trela yamelala, nipitie mahali nijaze. Nikamjibu kwamba mwenyewe, mume wangu, alishayapima. Aliniangalia, akaendelea kupakia magunia.

Nikikaribia hapa Misikhu, mzigo umejaa, nikasikia harufu ya mpira unaungua. Kabla nipate pa kusimama, tairi la nyuma likapasuka. Trela ikalala upande, magunia yakamwagika. Nilikaa kwa nyasi nikalia, na watu wakadhani nalilia mahindi. Si mnakumbuka? Mlitoka sokoni na mabeseni, mkazoa, na hakuna hata mkebe mmoja wa gorogoro ulipotea.

Kulikuwa na mzee anaendesha trela za miwa, alisimama kutusaidia. Alizunguka yale matairi mengine, akayagusa, akaniuliza nani aliyapima. Nikasema ni mwenye trela. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia tulimzika. Basi akachuchumaa karibu na mimi, akaongea polepole.

"Mama, huu upepo alikuwekea wa trela tupu. Angejua utabeba mahindi, angeongeza."

Mimi nilidhani namtunza, kumbe yeye mwenyewe hangeniacha nitoke hivyo.

Akanionyesha pale ubavuni mwa tairi wameandika uzito linabeba na presha yake. Trekta hutaka upepo mdogo ndio ishike udongo. Trela yenye mzigo hutaka mwingi, lakini isipite ile namba. Ukiwa kidogo, tairi linajikunja, linapata moto, linapasuka. Nipime asubuhi kabla halijatembea, na pande zote zilingane.

Tulipofunga tairi la akiba, akanipeleka kwa wenye kujaza upepo. Nikamuuliza, kwa aibu, kama ni lazima ule wa zamani utolewe kwanza.

"Usitoe," akasema. "Ongezea tu."

Niligeuka nikaangalia barabara mpaka wakamaliza.

Yule mzee, popote alipo, Mungu amlinde. Shemeji yangu, asante kwa kunivumilia. Na nyinyi mama zangu, mlinizolea mahindi hata jina langu hamjui, kisha mkanikaribisha kwa kikundi. Sina cha kuwalipa. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: ukiachiwa kitu na mtu wako, kitunze kulingana na mzigo wa leo. Usikipime kwa siku ile alikuacha. Hiyo siku haikuwa na mzigo.

Sijasema nimepona. Sasa nabeba mahindi mpaka Bungoma na yanafika salama. Lakini jioni nikiingia uani Kibomet, nizime trekta, kuwe kimya, bado nageukia mlango. Natamani tu nimwambie, "Yamefika."