Mshipi Wangu Kwenye Ukuta wa Ushindi

Bwana asifiwe na wanaosimama, na sisi tunaomsifu tukiwa tumeketi tusihesabiwe waasi!

Ndugu zangu, nianzie pale uvumilivu wangu ulipokatika. Ilikuwa Jumapili ya wageni. Kanisa letu hapa Bujumbura lilijaa mpaka mlangoni, na mbele ya mimbari palikuwa na gunia la maharagwe la kupelekwa kambini kwa waliokimbia vita. Mzee Léonidas, kiongozi wa maombi, akaniita kwenye kipaza sauti: Mama Arielle, wewe uliyeponywa mgongo, njoo uliinue gunia hili, wageni waone kazi ya Bwana.

Nikaenda. Nikainama. Nikalishika gunia masikio yake mawili. Moto ukanichoma kiunoni, ukateremka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, na gunia halikutikisika. Watu wakaanza kuimba kwa nguvu ili kunisaidia. Mzee Léonidas alipoona aibu inakuja, akainama upande wa pili alishike pamoja nami. Koti lake likapanda mgongoni. Na chini ya koti lile la mzee wa kanisa nikaona mpira mweusi wa ndani ya tairi, umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mshipi wangu!

Nililiacha gunia. Kipaza sauti kilikuwa kinawaka na sikukizima. Nikasema: "Mzee, huo mushipi muliovaa ni wangu. Na mugongo yangu haijapona. Iliuma jana, na sasa hivi inauma!"

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Ndugu zangu, kabla hamjanihukumu, jueni mgongo huu nimeutoa wapi. Sikuzaliwa nao. Nilikuwa binti wa Mutakura, mtaa wa hapa mjini, nimesoma sekondari mpaka mwaka wa nne, nikaolewa, nikamzaa Arielle. Siku risasi zilipofika kwenye kartie yetu nilikimbia kama kila mtu: mtoto mgongoni, godoro kichwani, sufuria mkononi. Godoro likanifunika macho. Nikaanguka kwenye mtaro wa maji, nikakalia ukingo wa jiwe. Arielle hakupata hata mchubuko. Mimi niliamka, nikakimbia tena, nikashukuru. Maumivu yalinikuta Jabe, mtaa mwingine, tulipokwisha kupata chumba, kama mtu aliyenifuata taratibu akijua ninakohamia.

Nilikwenda dispanseri. Walinipa vidonge vya kutuliza maumivu, vichache, kwa sababu ya vikwazo. Embago ilikuwa imefunga mipaka na dawa hazikuingia. Nilikwenda hospitali. Mashine ya kupiga picha ya mifupa ilikuwepo, inang'aa, lakini filamu hakuna. Daktari wa mifupa alikuwa ameondoka nchini. Jirani mmoja akanipaka majani ya moto. Mwingine akanipiga chuku, akatoa damu, mgongo ukabaki na madoa kama chui na maumivu yakabaki na mimi. Nikamzaa Bella katika hali hiyo. Na mwanamke wa kwetu asiyeweza kumbeba mtoto wake mgongoni, mnajua anavyosemwa! Kwenye bomba la maji walikuwa wananiambia: "Ee madamu, mutoto iko wako ama umeazima?" Nilitaka kuwamwagia ndoo. Lakini ndoo yenyewe sikuweza kuiinua.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa mwanamke mfupi pale hospitali, kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Hakuwa na mashine, hakuwa na dawa, alikuwa na mkeka na mikono miwili. Alinifundisha mazoezi matatu ya kufanya asubuhi kabla ya kuwasha mkaa. Aliniambia bila kunizungusha: "Mama, mugongo hii haitarudi mupya. Lakini we ndiye utaitawala, si yenyewe ikutawale." Kisha akachora mshipi wa kiuno nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Wa dukani haupatikani, akasema, tafuta fundi.

Fundi nilimpata sokoni Jabe, hatua chache kutoka pale ninapouza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mzee Shabani, mshona viatu, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali. Aliushika mchoro, akaugeuza juu chini, akacheka.

"Mi nimevisha miguu ya mji huu wote," akasema. "Leo minapanda mpaka kiunoni!"

Hakunigusa. Alimwita mkewe anipime kwa kamba, yeye akageukia ukuta. Alikata ngozi ya viatu vya zamani, akaizungushia mpira wa ndani ya tairi ya kamyo, yaani lori, akaingiza vipande vinne vya mianzi kusimamisha uti wa mgongo, akashona kwa uzi mwekundu kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Nilipomuuliza kama hachukizwi kumshonea mlokole, alinijibu: "Tairi ya kamyo haina dini, mwanangu. Funga, utembee."

Nikafunga, nikatembea! Ndugu zangu, siku ile nilisimama kwenye meza yangu ya ndagala tangu asubuhi mpaka saa nane. Nilimpakata Bella kifuani nikasimama naye nikamwimbia wimbo mzima. Maumivu yalikuwepo, ndiyo. Lakini yalikuwa kama mpangaji aliyekumbushwa nani mwenye nyumba.

Sasa ninakuja kwenye kosa langu, na sitalificha. Katika kanisa letu kuna desturi. Nyuma ya mimbari kuna ukuta wenye misumari, unaitwa Ukuta wa Ushindi. Anayeponywa anatundika pale kile alichokuwa anategemea: magongo, fimbo, miwani, hata pampu ya mwenye pumu. Wiki ya kufunga tuliomba siku saba. Siku ya saba nilijawa na furaha, nikaruka, nikaruka tena, na maumivu sikuyasikia. Kabisa! Watu wakapiga kelele: Tundika! Tundika! Nikafungua mshipi mbele ya kanisa zima, nikautundika mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Niliukabidhi kwa shangwe, tena nikapiga picha nao.

Siku ya tatu sikuweza kushuka kitandani.

Nilimwendea Mzee Léonidas. Huyu ni mtu mkubwa, anakaa Kiriri, mlimani kwa matajiri, anateremka kanisani na gari lake, na sisi wa chini tukimwona tunajifunga vitambaa vizuri. Nikamwomba mshipi wangu kwa adabu, mikono miwili. Akaniambia: ukiuchukua, unamrudishia shetani ufunguo wa nyumba. Kiri kwamba umepona, na mwili utatii. Na mimi msomi wa mwaka wa nne nikarudi nyumbani nikakiri! Miezi saba nilikiri! Watu wakiniuliza hali, nasema nimepona. Bella akinyoosha mikono nimchukue, nasema subiri, mama ana kazi. Mtoto akaacha kunyoosha mikono. Akaenda kwa mwanamke yeyote aliyekaa karibu, na mimi nikitazama. Mnisikie vizuri: maumivu ya mgongo niliyazoea, lakini hilo sikulizoea hata siku moja.

Mzee Shabani niliacha kupita mbele yake. Nilizunguka soko zima nisimwone. Siku moja akanipigia kelele kutoka kwenye kigoda chake: "Mama Arielle! Unatembea kama mbuzi wa kuchinjwa. Mushipi iko wapi?" Nikamwambia nimepona. Akanitazama kuanzia miguuni. Akarudi kwenye kiatu chake. Aibu ile ilinishinda kuliko mahubiri yote.

Kisha mshipi ukatoweka ukutani. Msumari ukabaki mtupu. Nilipouliza, niliambiwa umepelekwa kwenye tawi lingine kutia watu imani. Nikaamini! Kumbe ulikuwa ukitia imani kiuno cha mtu mmoja.

Hapo ndipo tulipofika Jumapili ile. Mzee Léonidas amesimama, mkono mmoja kwenye koti, jasho linamtoka. Mama mmoja wa ushemasi akanivuta kitenge: "Kaa chini, we! Unatuletea haya mbele ya wageni." Nikamwambia kukaa ndiko ninakotaka tangu miezi saba, ninyi ndio mnanisimamisha. Nikaketi pale pale kwenye ngazi ya mimbari.

Na hapo, ndugu zangu, nikasikia benchi likilia nyuma. Bibi Skola, mjane, mkongwe wa kanisa letu, amesimama. Akasema kwa sauti yake nyembamba: "Na manetè yangu? Miaka mbili sisomi Neno. Minashika kitabu tu, mupate kuniona."

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka kumi. Kisha hakuna aliyecheka, maana Bibi Skola alikuwa ameanza kutembea kuelekea ukutani, akipapasa mabega ya watu. Alipofika akapapasa misumari. Akagusa gongo, akaliacha. Akagusa pampu, akaiacha. Akaipata miwani yake, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akageuka akatutazama mmoja mmoja. "Aa," akasema, "mumezeeka."

Haleluya! Siku ile ndiyo siku ya ukombozi wangu. Mgongo ulikuwa unauma vilevile. Lakini uongo ulitoka ndani yangu kama mwiba unaotolewa, na sijauona tena. Nilimwomba Mungu pale kwenye ngazi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, maneno ya kweli: Baba, inauma. Na nilijua amesikia, kwa sababu safari hii nilikuwa nimemwambia kitu.

Jumanne Mzee Léonidas alikuja kwangu Jabe. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu, amebeba mshipi ndani ya gazeti. Alikataa kiti. Nikaelewa kwa nini: kuketi ndiko kunakomuua. Alisema ana mgongo mbovu tangu kabla ya vita, kwamba ndani ya gari analia peke yake, kwamba kiongozi wa maombi hawezi kuonekana amefungwa kiuno. Nilikuwa na hasira bado, na sikuificha. Lakini nilijua anachosema, hata usingizi wake niliujua.

"Nendeni kwa Mzee Shabani," nikamwambia. "Atawapima wa kwenu. Huu mumeupanua."

"Mi niende kwa Mwislamu, sokoni, watu wote wananiona? Nitaendaje?"

"Kwa miguu. Kama mulivyokuja hapa."

Sijui kama atakwenda. Mzee Shabani ameukaza mshipi wangu upya, safari hii kwa uzi mweusi, akasema ule mwekundu umesema ya kutosha. Ninafanya mazoezi yangu matatu kila asubuhi. Kuna siku nzuri, na kuna siku ninauza ndagala nimelala ubavu. Bella juzi alininyooshea mikono. Mmoja kwanza, kama anayepima maji. Kisha wa pili. Nilimchukua.

Wewe unayesoma haya, unayeumwa na umechoka kuulizwa kwa nini hujapona, mtegemee Mungu! Hajachoka nawe. Alinipa yule mwanamke mfupi na mkeka wake, akanipa mzee wa ndevu na tairi yake, na mimi nikaenda kutundika majibu ya maombi yangu kwenye msumari. Usifanye hivyo. Omba, na ufunge mshipi wako.

Kanisani niliambiwa yamekwisha, nimerudishiwa changu, ninyamaze. Hayajaisha, maana misumari bado ina vitu vya watu. Kwa hiyo niliandika yafuatayo nakala mbili, nikampelekea karani wa kanisa, na sikuondoka mpaka alipopiga muhuri nakala yangu.

KWA BARAZA LA WAZEE WA KANISA

YAHUSU: Malalamiko juu ya Ukuta wa Ushindi

Wazee waheshimiwa,

Mimi, Mama Arielle, muumini wa kanisa hili na muuza ndagala soko la Jabe, ninalalamika rasmi kwamba kanisa linashikilia vitu vya wagonjwa ambao bado ni wagonjwa. Mimi nilikitoa changu kwa hiari. Nilipokiomba nilinyimwa, na baadaye kikatumiwa na mwingine kwa siri.

Ninaomba kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe wiki hii, na pampu ya pumu irudishwe leo, kabla ya kuijadili barua hii.

Ninaomba asiitwe tena mtu mbele kuinama, kuruka wala kuinua mzigo ili kuthibitisha kazi ya Mungu.

Ninaomba wenye maumivu waruhusiwe kuomba wakiwa wameketi, na asiwepo wa kuwaita waasi.

Juu ya Mzee Léonidas siombi aadhibiwe. Ninaomba aruhusiwe naye kusema kwamba anaumwa.

Jumapili nitakuja na mshipi wangu, nimeufunga juu ya nguo, uonekane. Jibu lenu nitalisubiri benchi la mbele, nikiwa nimeketi.